Mkaguzi wa Karavani za Porini

Kwa miaka mingi nilizungumza na viatu vyake zaidi kuliko na uso wake. Vilikuwa viatu vyeusi vya ngozi, visigino vimelika upande mmoja, vikichomoza chini ya karavani hii au ile katika uwanja wa karakana ya serikali nilikokuwa dereva, hapo Tabora. Ukitaka kumsalimu ulichuchumaa.

"Shikamoo, Mkaguzi."

"Marahaba. Nipe tochi."

Hata ungekuwa umekuja na habari ya msiba, tochi ilitangulia.

Tulimwita Mkaguzi, wakubwa kwa wadogo. Nyumbani kwake Mtendeni nako, ukibisha hodi, mkewe alijibu kutoka uani, "Mkaguzi bado yuko kazini," kama vile alikuwa ameolewa na cheo. Nami nitamwita hivyo hivyo. Alipozaliwa na ukoo wake sivijui vizuri, na sidhani vinasaidia kumwelewa. Kinachosaidia ni kazi yake.

Karavani zenyewe zilikuwa nyumba ndogo za bati na mbao, zenye magurudumu, zikikokotwa na Landrova, lori au trekta. Wasimamizi wa barabara walilala humo, na wapima ardhi, na wachimba visima. Kabla ya Uhuru walilala Wazungu. Baada ya Uhuru zikawa zetu, pamoja na kutu yake. Kila karavani iliyoingia karakana, mpya au iliyotoka matengenezo, ilipita mikononi mwa Mkaguzi, naye aliipaka rangi kwenye kono la kukokotea. Nyeupe, ya barabara kuu. Njano, ya barabara za vumbi. Kijani, ya porini. Bila rangi yake haikutoka getini, na kijani chake kilikuwa adimu kama mvua ya Agosti.

Watu walidhani porini ni suala la urefu. Karavani ikiletwa imeinuliwa, matairi mapana, ngazi ndefu ya kupandia, mtunza stoo wetu alianza utani.

"Mkaguzi, huyu mbuni ameshafika. Mpe kijani chake aende zake."

"Mbuni miguu yake imekua pamoja naye," Mkaguzi alijibu. "Huyu kavalishwa viatu virefu tu."

"Basi wewe ungemkagua hata Nuhu na safina yake."

"Ningemkagua. Wanyama wote wale!"

Siku moja nikiwa bado mgeni nilimuuliza wazi, porini ni wapi hasa. Nilikuwa nimemaliza sekondari na nilitegemea jibu la kuandikika ubaoni: mabonde, mchanga, mawe. Alijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono.

"Njia mbaya bado ni njia," alisema. "Ukivunjikiwa, unakaa, kesho anapita mtu. Porini ni pale ambapo kesho hapiti mtu. Kwa hiyo mimi siulizi kama itakwenda. Kwenda kila kitu kinakwenda, hata debe ukilipiga teke linakwenda. Nauliza kama itarudi na mtu wake mzima ndani."

Ndivyo alivyopima. Aliijaza karavani mifuko ya mchanga mahali pa watu na masufuria, akamwambia dereva aikokote juu ya mataruma, yale magogo ya chini ya reli, yaliyolazwa uwanjani, mara kwa mara, mpaka dereva akaumwa mgongo. Kisha aliingia ndani na kufungua kila kabati. Kabati lililokataa kufunguka lilimwambia kwamba bodi limejipinda. Alilala chini na kupapasa pembe ambapo chesisi inakutana na ekseli, chuma kinachobeba magurudumu, polepole, kama mtu anayetafuta jipu mwilini mwa mtoto. Wengi walitazama magurudumu. Yeye alitazama viungo.

Mji wenyewe ulikuwa mji wa misafara. Njia ya zamani ya wapagazi ilipita huku kwetu, na wazee wa Mtendeni walipokaa kwenye mabaraza yao baada ya alasiri walipenda kusimulia pembe za ndovu zilizobebwa mpaka pwani, na nyimbo, na ngoma za kurudi. Mkaguzi alikunywa kahawa pamoja nao lakini simulizi hizo zilimkera.

"Mnasimulia waliofika Bagamoyo," aliwaambia. "Aliyekaa chini njiani akashindwa kuinuka, nani anamsimulia?"

"Ee, Mkaguzi, kunywa kahawa yako."

"Nakunywa. Lakini msafara unaoacha watu nyuma mimi ningeupaka nyeupe. Uishie barabara kuu."

Sitaki aonekane mtakatifu. Alikuwa mkali kwa watu kuliko kwa vyuma. Nati iliyoota kutu aliibembeleza kwa mafuta kuanzia asubuhi, lakini utingo aliyechelewa aliambiwa maneno ambayo siwezi kuyaandika, na Ijumaa mchana mtu huyo huyo alikuwa safu ya mbele msikitini, kanzu imenyooshwa. Baiskeli yake haikuwa na breki. Alisimama kwa kuburuza viatu, na ndiyo maana visigino vile vilikuwa vile. Karavani alizozikataa alizisema vibaya mbele ya watu, kisha saa ya chakula ukimtafuta ulimkuta amelala ndani ya mojawapo, kofia usoni, kwenye kitanda cha sponji.

"Nzuri kwa kulala," alisema. "Nimekataa isitembee. Sijakataa isilale."

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo tulilijua sote na hatukulisema sana. Mtu huyu aliyeamua nini kinafaa porini hakuwa amelala porini hata siku moja. Hakupenda kutoka mjini. Kaskazini hakuvuka Nzega. Pori lake lote lilikuwa mataruma yale ya reli, mifuko ya mchanga, na kitu kimoja kilichotokea mara baada ya Uhuru.

Alinisimulia mara moja tu, tukila mihogo na karanga kivulini mwa lori. Mwaka ule kila mtu alikuwa na haraka. Barabara zilikuwa zifike kila mahali, na bendera ilikuwa bado mpya. Kulikuwa na msimamizi wa barabara, Mwafrika wa kwanza kupewa karavani yake mwenyewe hapo karakana, na watu walikuja kuitazama kama wanatazama bibi harusi. Mkaguzi aliona mstari mwembamba kama unywele kwenye kiungo cha ekseli. Akaona pia furaha ya yule bwana na mkewe, ambaye tayari alikuwa ametundika pazia. Akapaka kijani.

Ilivunjika ng'ambo ya mto Wembere, kiangazi. Trekta lililokuwa likiwakokota liliwaacha likaenda kutafuta msaada, nalo likaharibika njiani. Wafugaji ndio walioikuta miili yao, mume na mke, siku nyingi baadaye.

"Pazia lilikuwa bado zima," Mkaguzi alisema, akaendelea kumenya karanga.

Tangu hapo kijani kikawa adimu. Na nasema kweli, tulimheshimu kwa hilo. Ulipokuja wakati wa kuwahamishia watu vijijini, kila mkubwa alitaka kila kitu kiende kila mahali leo leo, na Mkaguzi akawa kama jiwe mlangoni. Alikuwa mwanachama wa Chama, beji haikutoka kifuani, na aliuamini Ujamaa kuliko wengi waliouhubiri. Lakini katibu alipokuja kumhimiza alimwambia mbele yetu, "Ndugu, mimi ni mjamaa. Hii springi si mjamaa. Haisikii hotuba." Tulicheka mpaka katibu naye akacheka.

Kisha ikaja karavani nyeupe, kwa rangi ya kiwandani.

Ilikuwa zawadi kutoka kwa marafiki wa ng'ambo. Ilikuwa zahanati nzima yenye magurudumu: kitanda cha kuzalishia, tangi la maji, sinki, jiko la kuchemshia vyombo, makabati ya kioo. Ubavuni ilichorwa kifaru anayekimbia, na chini yake maneno ya kizungu ya kujigamba kwamba hakuna pori la kuizuia. Ilikusudiwa kijiji kipya kilichokuwa ng'ambo ya mbuga, upande wa Ziba. Watu wa huko walikuwa wametolewa makwao kwa malori, nyumba walizoziacha zikachomwa ili wasizirudie, wakateremshwa kwenye nyasi na kuambiwa wajenge. Waliahidiwa maji, shule na zahanati. Karavani hiyo ndiyo iliyokuwa zahanati.

Mkunga wao alikuja kuifuata mwenyewe. Alikuwa mama wa makamo, Mkristo wa Moravian, mnene kidogo, ametembea mpaka barabarani na kudandia lori la pamba. Alikaa kwenye kisanduku kando ya ukuta wa stoo kusubiri, na kila saa alimuuliza Mkaguzi, au tuseme viatu vyake.

"Baba, bado tu?"

"Bado, mama."

"Nina wenye mimba wengi kule. Walihamishwa nazo. Mvua inakuja."

"Najua mvua inakuja. Mvua ndiyo ninayoifikiria."

Mimi ndiye niliyeikokota juu ya mataruma. Ilipotulia, Mkaguzi aliingia ndani, akafungua makabati. Moja lilikataa. Akaenda chini, akakaa huko muda mrefu, kisha akatoka na kumwendea meneja, nasi tukafuata.

"Njano," alisema.

"Njano?" Meneja alishika kichwa. "Mzee, hii ni ya porini! Imeandikwa!"

"Imeandikwa ubavuni. Mimi nimesoma chini. Kiungo cha ekseli hakitamaliza safari ya kwenda na kurudi. Hata kwenda tu sina hakika nako."

"Wenye zawadi watakuja kuiona huko."

"Waje waione hapa."

Meneja angeweza kumpuuza. Lakini kumpuuza kulimaanisha kwamba ikivunjika ataulizwa yeye, na alikuwa amebakiza miaka michache kustaafu. Mkunga alisimama kutoka kwenye kisanduku.

"Bwana mkubwa, basi tupeni kitanda tu na tangi. Tutabeba vichwani kutoka barabarani. Watu wapo."

"Mama, hii ni zawadi ya taifa. Haichinjwi vipande vipande kama mbuzi."

Mkunga akamgeukia Mkaguzi. Hakupandisha sauti. "Baba, niruhusu niende nayo hivyo hivyo."

"Ikikukwamisha katikati ya mbuga, utakufa nayo," Mkaguzi alimwambia, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia akimpa binadamu. "Nimeshawahi kumruhusu mtu hivyo. Sirudii tena. Itarekebishwa, nitaipaka kijani mimi mwenyewe, utaipata."

Yule mama alirudi na lori la pamba, mikono mitupu. Jioni ile mtunza stoo alisema kama kila ofisi ingekuwa na mtu mmoja wa namna ile nchi ingenyooka, na sote tulikubali. Nilijivunia kufanya kazi naye.

Chuma cha kurekebishia ekseli hakikupatikana. Mvua ilikuja mapema na haikujua kukoma. Ardhi nyeusi ya mbuga ikilowa haikubali gurudumu wala mguu. Inakushika gotini na kukuvua kiatu. Kijiji kile kikafungwa kama kisiwa. Habari zilizotufikia zilikuwa za vipande vipande, kutoka kwa watu waliovuka na ng'ombe: nyumba za nyasi zinavuja, kuna homa, wanawake wanajifungua juu ya matope.

Mkunga alikuja tena ardhi ilipoanza kukauka. Alikuwa amekonda hata sikumtambua mpaka aliposimama kando ya karavani nyeupe, iliyokuwa bado palepale na njano yake, na kuweka kiganja juu ya kifaru. Mkaguzi alitoka chini ya tela alilokuwa akilishughulikia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitoka bila kuitwa.

"Karibu, mama. Habari za huko?"

"Nimezika, baba. Nimezika akina mama na watoto wao. Nimezika na mdogo wangu wa mwisho. Nilimzalishia sakafuni, nimeshika taa kwa meno, maji yananipita miguuni."

Mkaguzi alisema, "Ingevunjika, mama. Haki ya Mungu. Isingerudi."

"Nani alikuambia tunataka irudi?"

Mkaguzi aliiweka spana chini.

"Sisi wenyewe tulipelekwa pale tusirudi," alisema mkunga. "Nyumba zetu zilichomwa. Tulitaka ifike. Ifike tu, ivunjike, ikae pale na sisi. Mimi kitanda cha kuzalishia kina haja gani na magurudumu?"

Alikunywa maji tuliyompa, akashukuru kila mtu, akaondoka. Baada ya siku ile Mkaguzi aliendelea na kazi kama kawaida. Aliwakaripia matingo, alipanda baiskeli yake isiyo na breki. Ila hakulala tena ndani ya karavani yoyote. Saa ya chakula alikaa nje juani. Na karavani ile nyeupe, chuma kilipopatikana hatimaye, aliitengeneza mwenyewe na kuipaka kijani. Lakini kufikia hapo wenye zawadi walikuwa wameandika kuuliza, na wakubwa wakaipeleka kwenye hospitali moja ya barabarani ambako ingeonekana.

Mimi sikukaa sana baada ya hapo. Miguu yangu haijawahi kukubali mahali pamoja. Nimeendesha malori Mpanda, Kigoma, Shinyanga, nimebeba tumbaku, chumvi, mbao, wacheza ngoma na maiti. Kila nilikopita niliposikia mtu akisema gari lake ni la porini nilitabasamu peke yangu, na tabasamu hilo halikuwa tamu.

Nilipopita Tabora miaka kadhaa baadaye na pikapu ya mtu, nilikwenda Mtendeni kumsalimu. Mkewe alikuwa amefariki. Yeye alikuwa barazani, amestaafu, jicho moja limeingia ukungu. Hakuniuliza ninaishi wapi wala nimeoa nani.

"Hilo gari lina nafasi?" aliuliza.

"Lina nafasi, mzee. Unataka kwenda wapi?"

"Ng'ambo ya mbuga."

Tuliondoka asubuhi. Nilidhani anakwenda kuomba msamaha, ingawa nilishasikia kwamba yule mkunga alihamia kwa wanawe Mwanza. Hadi Nzega njia aliijua. Tulipopita njia ya kwenda Lusu, asikowahi kufika, alisogea ukingoni mwa kiti, mkono juu ya dashibodi. Na tulipoiacha barabara kuu baada ya Ziba akaniambia niende taratibu, mwendo wa trekta linalokokota.

Kwenye shimo la kwanza aliniambia nisimame. Akashuka, akatazama kwa jicho lake zima, akakanyaga kingo.

"Hapa?" aliniuliza.

Hapo ndipo nilipoelewa tulichofuata. "Hapa ingepita, mzee."

"Kweli. Ingepita."

Tulikwenda hivyo mbuga nzima. Kila palipoinama, kila mawe yalipojitokeza, alishuka na kukagua safari ambayo haikuwahi kufanyika. Hapa? Ingepita. Hapa je? Hapa ingelalamika, lakini ingepita. Jinsi tulivyozidi kwenda ndivyo uso wake ulivyozidi kujivuta, na mimi, niliyekuwa nikimjibu kwa haki kama dereva, nikaanza kutamani njia iharibike. Niliomba mawe. Niliomba shimo lolote la kumsaidia.

Tukalifikia korongo. Lilikuwa kavu, kingo zake zimesimama kama ukuta, na chini palikuwa na mwamba uliovuka njia kwa mshazari, kiasi kwamba gurudumu moja lazima lipande wakati mwenzake anashuka. Hapakuwa na pa kuzungukia. Hata pikapu ningeivusha kwa shida. Alishuka akishika mizizi, akapiga magoti juu ya mwamba, akaweka viganja viwili kuonyesha jinsi chesisi ingejipinda. Akakaa hivyo, kisha akaniita.

"Hapa," alisema. "Njoo uone. Ingevunjikia hapa. Unaona? Isingewezekana kabisa."

"Naona, mzee. Hapa hakuna ubishi."

"Nilisema, au sikusema?"

"Ulisema."

Sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya karakana. Nilifurahi hata nikacheka, naye akacheka, tukiwa wawili chini ya korongo lile kama watu waliookota kitu. Nilimpa mkono, tukapanda ukingo wa pili ili apumzike.

Kijiji kilikuwa pale. Sisemi kilionekana kwa mbali. Paa la nyumba ya kwanza lilikuwa mbele yetu, jogoo kasimama juu yake, na chini mama mmoja kijana ameinamia beseni akifua nepi. Alituona, akanyoosha mgongo.

"Mwadila, wazee, za mchana! Mmeharibikiwa na gari?"

Nilimtazama Mkaguzi anijibie. Alikuwa amegeuka, akipima kwa jicho lake zima kutoka mwambani hadi kwenye beseni. Yule mama aliacha beseni na kuja kutuona tuna nini. Hakukimbia, alitembea tu, kama mtu anavyotembea uani kwake. Alipotufikia, povu la sabuni lilikuwa bado halijakauka mikononi mwake.